Pakacha Moja Nalo Lina Haki Sokoni

Anayetaka kuvijua visiwa hivi kabla ya kuvizunguka na aende sokoni alfajiri. Asingoje saa nne, wakati ambapo bidhaa zimekwisha kuchanganywa juu ya meza na hakuna tena ajuaye lipi limetoka wapi. Aende pale gari za shamba zinapoanza kuingia mjini, taa zikiwa bado zinawaka na wachukuzi wakiwa bado na usingizi machoni. Hapo atayaona mashamba yetu yakiteremshwa moja baada ya jingine: mikungu ya mkono wa tembo na mtwike; majimbi yenye tope la bondeni; magunia ya muhogo uliong'olewa jana jioni; mashada ya mchaichai na vifurushi vya mdalasini; matenga ya tungule; malundo ya mashelisheli; na mwisho kabisa, nyuma ya watu wote, bibi mmoja wa makamo aliyebeba pakacha lake moja.

Makala yetu ya leo inamhusu bibi huyo. Ndani ya pakacha lake yamo mapapai matatu, ndimu za kutosha mafungu manne, pilipili kidogo zilizofungwa katika jani la mgomba, na kunde kiasi cha kibaba kimoja. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mfanyabiashara mkubwa angekisimamia. Lakini kwake yeye pakacha hilo ni nauli ya kurudia, ni sukari na mafuta ya taa, na ni daftari la mjukuu anayesoma skuli. Na kwetu sisi walaji wa mjini, kama tutakavyoeleza, pakacha hilo lina maana kubwa kuliko uzito wake.

Swali tunalotaka kuwauliza wananchi wenzetu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya masoko, ardhi na kilimo, ni jepesi kulitamka: katika masoko yetu mapya bibi huyu atakaa wapi?

Tuanze na mashamba yenyewe. Mtu wa mjini husema "shamba" kana kwamba ni pahala pamoja. Wakulima wetu hawasemi hivyo. Tangu zamani wameigawa ardhi kwa udongo wake, na majina waliyoyatoa ni elimu kamili kwa mwenye kuyasikiliza. Kipo kinongo, udongo mwekundu wenye kina, unaopatikana zaidi upande wa magharibi wa Unguja. Huo ndio unaobeba mikarafuu, migomba, michungwa, mishokishoki na midoriani. Upo mchanga, mwepesi, unaopendwa na mnazi na muhogo. Kipo kinamo, udongo mzito wa mabondeni unaoshika maji, nao ndio makao ya mpunga, huko Cheju, Kibokwa na Bumbwisudi, na katika mabonde ya Pemba yaliyolala baina ya vilima. Upo uwanda wa mashariki na kusini, ambako udongo ni mwembamba juu ya jiwe la matumbawe. Na mwisho yapo maweni, ambako jiwe limejitokeza lenyewe na udongo umebaki katika vishimo na nyufa tu.

Huko maweni mkulima hapigi jembe, kwa kuwa jembe litavunjika. Hufyeka kichaka, hukichoma, hungoja mvua, kisha huchokoa baina ya mawe na kutia mbegu kila penye gao la udongo: hapa kunde, pale papai, kule pilipili au mtama. Akimaliza hupanga ukuta wa mawe ili kuwazuia nguruwe mwitu. Baada ya misimu michache huliacha shamba lipumzike kwa miaka, akahamia kwengine. Mgeni akipita hapo husema kuwa ni pori. Makunduchi na Jambiani zimekula kutokana na "pori" hilo tangu kale, na bibi wetu mwenye pakacha alitokea huko.

Ndiyo maana tunasema kwamba mapakacha mawili yanapokutana mjini hayakutani mazao tu. Hukutana aina mbili za ardhi, namna mbili za kulima, na mara nyingi misimu miwili tofauti. Mashamba yetu hayazai kwa pamoja, na hiyo ni neema ambayo hatuishukuru vya kutosha. Mvua za masika zikija kwa nguvu, mboga za bondeni huharibika kwa maji, lakini mwenye shamba la juu penye mteremko ataleta mchicha na bamia. Kiangazi kikikaza, mwenye kumwagilia ndiye atakayeleta tungule, na mwenye muhogo ataung'oa kidogo kidogo kama mtu anayechota katika akiba yake, kwa sababu muhogo hungoja ardhini mpaka uhitajiwe. Embe zina wakati wake, machungwa wakati wake, shokishoki wakati wake. Soko lenye mashamba ya kila namna halina siku ya kuwa tupu.

Historia yetu wenyewe imetufundisha somo hili, tena kwa fimbo. Katika karne ya 19 ardhi nzuri ya Unguja iligeuzwa shamba moja kubwa la karafuu. Ilipofika Aprili 1872 kimbunga kikapiga, na sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu ya Unguja ikaanguka. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo iliyobeba jina la karafuu. Lakini hata pale mikarafuu iliposimama salama, hasara iliweza kuja kwa njia nyengine. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilifikia kujitosheleza kwa karafuu zake, na bei ikaporomoka. Kimbunga cha mara hii hakikung'oa hata mti mmoja, na hata hivyo nyumba nyingi ziliyumba.

Kwa upande wa chakula mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliokuwa ukija kwa meli kutoka nchi hiyo ulikatika. Watu waliozoea wali wakarudi kwenye muhogo, mtama na ndizi, na aliyekuwa na kiunga cha majimbi akawa tajiri wa mtaa. Na karibuni zaidi, mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha ndege na watalii wakakoma, mkulima aliyekuwa akilima kwa ajili ya hoteli peke yake alibaki na mboga zake mkononi. Yule aliyekuwa na kidogo cha kila kitu alikula na akauza. Hatuna budi kuzisoma tarehe hizi nne, 1872, 1942, ile ya miaka ya 1980 na 2020, kama ukurasa mmoja. Kila mara tulipotegemea zao moja, bandari moja au mnunuzi mmoja, tuliadhibiwa. Na kila mara waliotuokoa ni mashamba madogo ambayo katika siku za neema hatukuyahesabu.

Pengine msomaji atasema: hayo yalikuwa zamani, leo vyombo vinapita baharini kila siku, na kila kitu kinapatikana. Ni kweli, nasi hatuidharau neema hiyo. Viazi mbatata, karoti na kabichi hupenda baridi ya milimani, na ni haki zitoke Lushoto na nyanda nyengine za Bara. Vitunguu navyo hutujia kwa wingi kutoka huko. Mchele wa mapembe huvuka bahari pana zaidi. Mfanyabiashara anayetuletea vitu hivyo anatufanyia hisani, na hatutaki asumbuliwe. Tunalosema ni kwamba kusi ikichafuka vyombo hukawia, na mafuta yakipanda bei nauli hupanda. Na siku hiyo mlaji wa Michenzani au Kikwajuni hatasaidiwa na gunia lililoko ng'ambo. Atasaidiwa na pakacha lililoko Ndijani.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Kila mwaka wakubwa wetu huwasihi wafanyabiashara wasipandishe bei, na kila mwaka wananchi hunung'unika. Lakini tazameni futari yetu imetengenezwa kwa nini: muhogo, majimbi, ndizi mbichi, viazi vikuu, viazi vitamu, mashelisheli, na tui la nazi juu yake. Vyote hivyo ni mazao ya visiwani humu, na vyote hulimwa zaidi na watu wadogo katika vipande vidogo. Bei ya futari haiwezi kushushwa kwa hotuba peke yake. Hushuka pale wakulima wengi, kila mmoja na kidogo chake, wanapoweza kufika sokoni asubuhi na kuuza bila ya kupitia mikono minne. Wakiwa wachache, au wakizuiliwa mlangoni, mwenye lori moja ndiye atakayetupangia bei, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu, kwa kuwa sisi wenyewe tumemwachia uwanja.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye masoko. Wazee wetu walilikuta soko la Darajani, ambalo lilijengwa mwaka 1904, likiwa ndilo tumbo la mji. Mji ulikuwa mdogo, nalo lilitosha. Leo mji si ule tena. Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga masoko mapya makubwa, likiwamo la Mwanakwerekwe na lile la Jumbi, na mtu mwenye insafu hawezi kukanusha kuwa hilo ni jambo la kushukuriwa. Mvua hainyeshei tena juu ya mboga, na mnunuzi hakanyagi tope. Tunaipongeza kazi hiyo bila ya kificho.

Lakini jengo zuri lina hatari yake, nayo ni kwamba hupangwa kwa milango na vizimba, na kizimba hupenda mtu mmoja anayekuja kila siku, mwenye bidhaa nyingi za namna moja, anayeweza kulipa kodi kila mwezi. Mtu huyo ni mchuuzi. Mkulima wa kweli hana sifa hizo. Yeye huja Jumatatu na Alhamisi, au huja wiki tatu za msimu wa embe kisha asionekane mpaka kunde zikomae. Leo ana mapapai, kesho hana kitu, keshokutwa ana kuku wawili na mayai. Ukimtaka alipe kodi ya mwezi ataona ni nafuu kumwachia mchuuzi pakacha lake njiani kwa bei ya kutupa. Na baada ya muda ataona ni nafuu zaidi kutolima kabisa. Hapo soko litakuwa limejaa watu na meza, na hata hivyo mashamba yatakuwa yametoka ndani yake, bila ya yeyote kuwafukuza.

Hatari ya pili ni ya ardhi, nayo ni kubwa zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake watu walikuwa 593,678, wakafika 893,169. Yaani karibu laki tatu waliongezeka katika miaka kumi, na wote hao wanahitaji pa kulala na cha kula. Nyumba wanazojenga zinasogea kuelekea shamba, na huko zinakosogea, kandokando ya mji upande wa magharibi, ndiko kuliko na kinongo. Mara nyingi tunaona mwembe uliokuwa ukilisha ukoo mzima umekatwa ili kupata kiwanja cha nyumba moja. Maweni hayajengwi kwa wingi namna hiyo. Hujengwa pale panapolimika vizuri zaidi.

Ndugu zetu hawajasahau kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilifanywa mali ya taifa, na maelfu ya wananchi wakapewa eka tatu tatu. Hazikutolewa ili ziuzwe vipande vipande. Zilitolewa ili zilimwe, na ili mtu aliyekuwa akilima kwa hisani ya mwengine apate pa kusimama. Eka tatu zilizopandwa vizuri, minazi juu, migomba chini yake, majimbi penye unyevu na pilipili manga iliyopanda juu ya mfenesi, zinaweza kuleta kitu sokoni katika kila mwezi wa mwaka. Eka tatu zilizokatwa viwanja huleta fedha mara moja, kisha zinakuwa wateja wapya wa soko lilelile ambalo zamani zililipa chakula.

Sisi hatupendi kulaumu bila ya kupendekeza. Kwa hiyo tunaomba haya yatazamwe na wanaohusika.

Kwanza, katika kila soko la mjini litengwe eneo la wazi, lenye paa na maji, kwa ajili ya wakulima wenyewe, ambalo halikodishwi kwa mwezi na halimilikiwi na mtu. Anayekuja alipe ushuru mdogo wa siku ile, aweke pakacha lake, auze, afagie alipokaa, aondoke. Kesho atakaa mwengine. Nasi tunatambua kwamba eneo la namna hiyo litavamiwa na wachuuzi lisiposimamiwa; lakini masheha wanawajua wakulima wa shehia zao, na kikaratasi cha sheha kinaweza kufanya kazi hiyo bila ya gharama kubwa.

Pili, hesabu za soko zisiishie kwenye fedha za ushuru. Viandikwe pia vitu vilivyoingia, vimetoka wapi na katika mwezi gani. Ofisa wa kilimo aliye na daftari kama hilo la miaka mitano atajua kuwa fiwi zinapotea, kuwa viazi vikuu vimepungua, au kuwa kijiji fulani kilichokuwa kikileta ndimu sasa hakileti, na atakwenda kuuliza sababu kabla ya mbegu yenyewe kwisha. Zao linapopotea sokoni hakuna anayelitangazia kifo chake. Huonekana limekosekana pale tu mgonjwa anapolitamani.

Tatu, viwanja vya nyumba visipimwe juu ya kinongo ikiwa pana ardhi nyengine. Watu hawana budi kujenga, na hatumzuii mtu kupata nyumba. Lakini ramani ya udongo na ramani ya mji ziwekwe juu ya meza moja, na wenye kuzisoma wakae pamoja. Nyumba inaweza kusimama juu ya jiwe. Mgomba hauwezi.

Nne, hospitali, skuli za dakhalia na hoteli zinazonunua chakula kwa wingi zijifunze kununua kwa wengi. Tunajua kuwa mnunuzi mkubwa hupenda mkataba mmoja na lori moja. Lakini vikundi na vyama vya ushirika vipo kwa ajili hiyohiyo: kukusanya mapakacha hamsini yawe lori moja, pasi na kuyafanya mashamba hamsini kuwa shamba moja.

Nasi wakulima na walaji tusijione kuwa hatuna letu la kurekebisha. Mkulima anayepanga machungwa makubwa juu na mabovu chini ya tenga anawaharibia wenzake wote, kwani mnunuzi aliyedanganywa na pakacha moja huyaogopa yote. Anayechuma embe changa ili awahi bei huuza ukali kwa jina la embe. Na mlaji naye ana wajibu. Anaposimama mbele ya fungu la tungule asiulize bei tu. Aulize pia zimetoka wapi. Swali hilo halina gharama, na likiulizwa na watu wengi kila siku, muuzaji atalazimika kujua jibu lake. Embe muyuni ikiitwa kwa jina lake hudumu. Ikiitwa "embe" tu, kesho italetwa yoyote.

Wapo watakaosema kwamba tunatetea uchuro wa vikapu katika zama za mizani na majokofu, na kwamba maendeleo ni mashamba makubwa yenye matrekta. Hatuyapingi matrekta, bonde la mpunga linayahitaji, tena kwa wakati, kabla ya masika kuanza. Lakini kisiwa cha Unguja kina kilomita za mraba zisizofika 1,700, na Pemba haifiki 1,000. Katika eneo dogo kama hilo Mwenyezi Mungu ametia kinongo, kinamo, mchanga, uwanda na maweni. Trekta moja haliwezi kulima vyote, na zao moja haliwezi kuviridhisha vyote. Ardhi yenyewe imekwisha kutuchagulia ukulima wa namna nyingi. Lililobaki kwetu ni kujenga masoko yanayofanana na ardhi hiyo.

Tulimwacha yule bibi nyuma ya watu, na pakacha lake kichwani. Siku tuliyomwona alipata pa kukaa, kwa sababu muuza ndizi mmoja alisogeza mikungu yake kidogo na kumwambia, "Kaa hapa, mama, nafasi ipo." Kabla ya saa tatu alikuwa amekwisha kuuza vyote na anatafuta gari ya kurudi. Sisi tunaamini kwamba jambo hilo lisiachiwe wema wa muuza ndizi peke yake. Linastahili kuwa kanuni ya soko.

Wahenga walisema kuwa mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Walisema pia kuwa haba na haba hujaza kibaba, na maneno hayo mawili yakisomwa pamoja yanatosha kuwa siasa nzima ya chakula ya visiwa vyetu. Ila ni lazima tukumbuke kwamba kibaba hakijai kama haba hazikupata pa kumiminwa.